Mama Yake Dalali

Mwaka ule kimbunga kilipoingiza maji kwenye apatimenti yetu ya Stafford, hapa Texas, mume wangu aliapa kwamba hatutapanga tena nyumba ya chini maishani mwetu. Alikuwa amesimama na kandambili juu ya zulia lililolowa, tumelitoa nje linanuka, na kila jirani anafanya hivyo hivyo na zulia lake. Basi tukaanza kutafuta nyumba ya kununua Pearland, karibu na barabara ya kunifikisha hospitalini ninakofanya kazi, na ndivyo nilivyokutana na dalali.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele kazipaka rangi ya shaba. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka, na lafudhi yake sikuitambua mara moja. Alituzungusha nyumba kadhaa. Kwenye ya mwisho simu yake ikaita, akaomba radhi, akatoka uani. Mimi nikabaki jikoni nikifungua na kufunga makabati. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia akimkaripia mtu.

"Nimekwambia usipandishe kuni mwenyewe! Mlipe mtu! Mama, una kichwa kama jiwe!"

Nilishacheka ndipo nikagundua kwamba kile hakikuwa Kiingereza. Kilikuwa Kibulgaria, lugha ambayo sikuwa nimeisikia tangu usichana wangu, na masikio yalikuwa yameielewa bila kuniomba ruhusa.

Aliporudi ndani nikamwambia kwa lugha hiyo hiyo, nikijikwaakwaa, "Hatamlipa mtu. Mama wa kule hamlipi mtu kubeba kuni."

Akashika fremu ya mlango. Mume wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekosa basi.

Ilibidi nieleze. Baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo Morogoro, kiwanda cha umma. Serikali ilinipeleka Bulgaria kusomea uhandisi wa nguo ili nirudi kuendesha mitambo. Niliondoka nyumbani tukiwa tunapanga foleni ya sabuni, na ukiambiwa sukari imefika unaacha unachofanya unakimbia. Nikafika Bulgaria nikakuta mkate kila siku, maji ya moto bombani, na duka lenye chupa za matunda yaliyosindikwa mpaka darini. Wanafunzi wenzangu wa kule walikuwa wakilalamika kwamba madukani hakuna kitu. Nilidhani wananitania.

Halafu nikiwa karibu kumaliza, nchi ikageuka. Mhadhiri aliyekuwa akitufundisha ukomunisti alitoweka kwa muda, akarudi kutufundisha misingi ya soko huria, kwa sauti ile ile na koti lile lile. Umeme ukawa wa zamu. Maduka yakawa matupu kweli kweli, safari hii hata mimi niliona. Vijana niliokuwa nikiwapita kituo cha tramu kila siku wakaanza kunirushia theluji yenye mawe ndani, wakisema sisi weusi tunakula mkate wao. Nilirudi Tanzania na shahada yangu, nikakuta kiwanda cha baba kimetangazwa kuuzwa. Aliyekinunua alikata mitambo vipande vipande akaiuza kama chuma chakavu, na jengo likawa ghala la mitumba. Nilikaa nikishika tama mwaka mzima. Baadaye nikasomea uuguzi, na uuguzi ndio ulionileta Texas.

Dalali alinisikiliza yote hayo katikati ya jiko la watu wengine. Kisha akasema, "Basi wewe unajua nilichokikimbia."

Nilijua nilichokikimbia mimi.

Nyumba tuliinunua. Ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwake, na mwaka uliofuata, majira ya baridi yalipokwisha, alimleta mama yake. Alinipigia simu: "Njoo umsalimie. Amekuwa kama bubu hapa, hana wa kuongea naye mchana kutwa."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Mlango ukafunguliwa na bibi mwenye mabega mapana, kitambaa kichwani, aproni kiunoni. Akanitazama toka juu mpaka chini, kisha akapiga kelele kuelekea ndani: "Binti! Kuna mtu. Sijui anauza nini!"

"Siuzi kitu, shangazi," nikasema. Kule ndivyo unavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri. "Nimekuja kunywa kahawa."

Akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka jikoni, na hakuniachia mpaka alasiri.

Alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha sufu Sliven, tangu usichana mpaka kilipofungwa. Mitambo ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo alisema kila jambo kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo. Mimi nilipelekwa mji ule ule kufanya mafunzo ya vitendo, kwenye kiwanda kingine. Tukataja mitaa, tukataja bwalo la wafanyakazi na supu yake ya maharage. Alinieleza kilivyokufa kiwanda chake: kwanza kilibadilishwa jina, kisha wakaja mabwana wenye suti, kisha mishahara ikachelewa, kisha siku moja wakakuta minyororo langoni. Nikamwambia cha kwetu kilikufa hivyo hivyo, ila sisi hatukubadilishiwa jina.

"Na wewe ukaja kufanya nini huku?"

"Nahudumia wagonjwa wa moyo."

"Angalau mioyo haiuzwi kwa chuma chakavu," akasema.

Siku ile alinipeleka dirishani, akanionyesha mtaa. Nyumba kubwa kubwa, nyasi zilizonyolewa, hakuna hata mbwa.

"Watu wako wapi?"

"Kazini."

"Wote?"

"Wote, shangazi."

"Na vikongwe?"

"Wengine wamo ndani. Wengine wako kwenye nyumba za wazee."

Akatafakari. "Halafu wanasema sisi ndio tuliokuwa tumefungiwa."

Kuanzia hapo nikawa naenda kila nilipopata nafasi. Sitasema ilikuwa raha. Nilikuwa nikitoka shifti nimechoka, miguu imevimba, na nikifika pale nakuta mama na binti wamenuniana, kila mmoja akiningoja nimsikilize yeye kwanza.

Kisa cha pilipili kilikuwa cha kwanza. Binti yuko kazini, bibi akachukua jembe, akachimbua nyasi zote za mbele ya nyumba, akaotesha pilipili nyekundu na nyanya. Zilishika vizuri sana, jua la Texas lilizipenda. Haukupita muda, ikaja barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa: mboga haziruhusiwi upande wa barabarani, zing'olewe, vinginevyo faini. Binti akaiweka mezani, akamtafsiria. Nami nilikuwepo.

"Chama?" bibi akauliza. "Kipo chama hapa?"

"Si chama kile, mama. Ni cha wenye nyumba."

"Kinakwambia upande nini kwenye udongo wako mwenyewe?"

"Ni kwa ajili ya thamani ya nyumba. Kila mtu anafuata."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimeishi chini ya chama tangu nasoma mpaka nazeeka, hakikunikataza kupanda pilipili! Mwanangu, ulivuka bahari kutafuta hiki?"

Binti hakucheka. Alitoka nje na viatu vyake vya kazini, akazing'oa zote, na zilikuwa zimeanza kuzaa. Nilimsaidia kuzitia kwenye mifuko kwa sababu sikuweza kukaa tu nikitazama, na mama mtu akaniangalia kupitia kioo kana kwamba nimemsaliti.

Jumapili ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Binti alipenda kutualika chakula mimi na mume wangu, na kabla sahani hazijaondolewa vita vinaanza. Mama atasema kulikuwa na kazi kwa kila mtu, shule ya chekechea ilikuwa bure, kila kiangazi kiwanda kiliwapeleka baharini. Binti atasema ndizi aliziona mwaka mpya tu, viatu vilikuwa vya aina moja, na baba yake aliitwa kuhojiwa kwa sababu ya mzaha alioutoa kwenye foleni. Halafu wote wawili watanigeukia kwa pamoja.

"Mwambie! Wewe ulikuwepo!"

Mwanzoni nilijaribu. Nilimwambia binti kwamba mimi nilishiba kule kuliko nilivyoshiba kwetu. Akasema, "Ulikuwa mgeni, ulitunzwa." Nikamwambia mama kwamba wafanyakazi wake wale wa undugu wa dunia nzima ndio walionipiga na mawe siku serikali ilipoacha kuwatazama. Akasema, "Hao walikuwa wahuni, hawakuwa wafanyakazi." Kweli yangu haikumfaa hata mmoja. Kila mmoja alitaka nusu yake, hiyo nyingine niimeze.

Tukirudi nyumbani mume wangu alikuwa na utani wake. "Wewe umesomeshwa bure na wakomunisti, unalipwa na mabepari, unalalamika nini?" Kwenye mikusanyiko ya Watanzania kule Stafford mambo yalikuwa yale yale. Wazee wa rika letu waliilia enzi ya ujamaa huku wamekalia viti vya kukunja kando ya magari makubwa, na vijana wakasema ujamaa ndio uliotufanya maskini, bila hata kuuliza ulikuwa unaendeshwaje. Nilikuwa nikijaza sahani yangu ya pilau naenda kukaa na watoto. Wao waliongea Kiingereza chao kuhusu michezo ya kwenye simu, na nikapumua.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 binti alipata nafasi kubwa zaidi katika kampuni ya nyumba kaskazini mwa Dallas. Alinunua nyumba Carrollton. Kabla hajahama alikuja kwangu peke yake, akakaa jikoni, akazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Nimeuza fleti ya mama," akasema.

"Ya Sliven?"

"Alinisainia hati ya kumwakilisha, kwa mambo ya pensheni. Nikaitumia. Mnunuzi alijitokeza, na kule wanunuzi hawajitokezi. Mji umekufa, wewe mwenyewe unajua."

"Yeye anajua?"

Akainua macho. "Nilifikiri umwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Nilimwambia, "Sikuuza mimi. Mwambie mwenyewe, na umwambie kabla hamjahama, angali na mtu wa kumkimbilia hapa."

Akaahidi. Akaosha kikombe chake, akaenda.

Walihama. Bibi akawa ananipigia simu kila Jumamosi kutoka Carrollton, na kwa kuwa hakunitajia fleti, nikadhani hataki kuizungumza, nikamheshimu. Kumbe sivyo. Jumamosi moja, miti ikianza kuchipua, akaniambia kwa furaha, "Mwezi wa tano naenda kwetu. Nitamwambia jirani wa ghorofa ya chini afungue madirisha, nyumba ipate hewa. Nitaotesha nyanya kwenye makopo barazani, na hapo sioni chama cha kunizuia."

Nilikata simu kwa kusingizia mgonjwa. Kesho yake alfajiri nikaingia kwenye gari, nikaendesha mwendo wa saa nne hivi mpaka Carrollton, na njia nzima nilikuwa nikigombana na kioo cha mbele. Nilikuwa namlaumu binti, kisha mama kwa kusaini, kisha mimi mwenyewe kwa kukijua Kibulgaria. Kama siku ile jikoni ningenyamaza, leo ningekuwa nimelala.

Binti ndiye aliyefungua. Aliponiona akajua.

"Sasa hivi," nikamwambia. "Au namwambia mimi."

"Siwezi," akasema kwa Kiingereza, kama mtoto.

Mama alikuwa mezani akimenya viazi. Alifurahi, akanivutia kiti, akataka kunikaangia mayai. Binti akakaa mbele yake. Akaanza kueleza habari za paa la lile jengo, na lifti iliyokufa, na jinsi bei za nyumba zinavyoshuka kwenye miji inayohamwa, na kwamba mtu mwenye busara huuza mapema. Alikuwa anaongea kama anavyoongea na wateja. Bibi akaacha kumenya.

"Huyu anazunguka," akaniambia. "Anazunguka nini?"

Nilimngoja binti. Alikuwa akiangalia maganda ya viazi.

"Shangazi," nikasema, "fleti imeuzwa."

Akauliza, "Kwa nani?"

"Kwa mtu wa kule anayefanya kazi Ujerumani," binti akajibu.

"Na sufuria zangu?"

"Binamu alizichukua."

"Mazulia? Yale niliyoyafuma mwenyewe?"

"Mama, sijui. Nitauliza."

"Kitanda cha baba yako?"

Binti akaanza kulia. Mama hakulia. Alikifuta kisu, akakiweka sambamba na ubao, akavua aproni, akaenda chumbani kwake. Tulidhani ameenda kulala.

Ndipo hasira yangu yote ikanitoka. Nilimwambia binti maneno makali. Nilimwambia kwamba waliokiuza kiwanda cha mama yake bila kumwuliza, na waliouza cha baba yangu, walisema maneno hayo hayo ya busara na bei. Nikamwambia amekuwa kama wao.

Aliniacha nimalize. Akajifuta uso kwa kitambaa cha sahani. "Majira ya baridi kabla sijamleta alianguka kwenye ngazi," akasema. "Na kuni zake. Alilala pale siku nzima mpaka usiku. Jengo zima limebaki na wazee watatu, wawili hawasikii. Mimi nilikuwa hapa naonyesha watu mabwawa ya kuogelea. Nikapigiwa simu. Sasa niambie wewe uliyesoma huko, nimwachie fleti ili akafie wapi? Kwenye ngazi zipi?"

Maneno hayo ndiyo yaliyoniudhi kuliko yote. Nilikuja nimejaa haki toka Pearland mpaka Carrollton, na kwa sentensi chache akaninyang'anya.

Tulikuwa bado tunatazamana pale binti aliposema, "Mbona kimya hivi?" Tukaenda chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Koti lake la sufu halikuwepo, wala pochi yake.

Tulitoka na gari langu. Mtaa wao ulikuwa na njia ya waenda kwa miguu mpaka kwenye geti tu, baada ya hapo ni barabara pana ya magari, na ukingo wa nyasi. Tulimkuta kando ya barabara hiyo, na koti zito katika joto lile, pochi kaikumbatia, na gari la polisi limesimama na taa zinawaka. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna bibi anatembea. Ndiyo, kosa lilikuwa kutembea.

Polisi alikuwa kijana mpole. Alikuwa amemwonyesha kwa kidole geti la mtaa, akimwuliza kama anakaa pale, na bibi anatikisa kichwa kulia na kushoto. Kule kwao mtu akikubali hutikisa kichwa hivyo. Kijana wa watu alielewa kwamba anakataa, akawa anataka kumpeleka kituoni wamtafutie ndugu.

"Anasema ndiyo," nikamwambia. "Anakaa hapo. Huyu ni binti yake."

"Amekuwa akisema maneno fulani, anayarudia," polisi akasema. "Labda anaumwa?"

Nikamsikiliza. Alikuwa akitaja jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, kiwanda, idara ya ufumaji na shifti yake. Alikuwa akijibu polisi kama alivyozoea kujibu polisi.

"Haumwi," nikasema. "Ana hasira."

Ndani ya gari bibi alikaa nyuma nami nikaendesha. Binti akajaribu kumshika mkono, mama akauondoa. Tulipofika alisema jambo moja tu, kwa ile sauti yake ya mitamboni: "Nitakufa kwetu. Mtafute njia."

Njia ilipatikana, baada ya miezi ya ugomvi. Jirani wa ghorofa ya chini, aliyewahi kufanya naye kazi shifti moja, alisema aje walale wote, vyumba vipo, watoto wake wako Uhispania na hawarudi. Msimu wa baridi ulipokaribia binti akampeleka uwanja wa ndege. Mimi sikwenda, nilikuwa kazini. Alinipigia kutoka kwenye foleni ya ukaguzi, akilalamika kwamba wamemvua viatu.

Halafu ukaja ugonjwa ule, mwaka 2020, na ndege zikasimama. Kazini kwetu wodi yangu ya moyo ikageuzwa ya mapafu. Nilikuwa nikirudi nyumbani na alama za barakoa usoni, navua nguo gereji, naoga kabla sijamgusa mtu. Na simu ndiyo ilikuwa haiachi kuita. Binti na mama walikuwa hawaongei. Binti ananipigia: "Ameuliza habari zangu?" Mama ananipigia: "Mwambie huyo avae barakoa, ana kifua dhaifu tangu utoto." Mchana mtu amenifia mikononi, jioni nabebeshwa salamu kati ya Carrollton na Sliven kama tarishi. Siku moja uvumilivu uliniishia. Nilimwambia kila mmoja kwa zamu, "Namba mnazo. Mimi basi." Nikazima simu nikalala.

Waliongea. Sijui waliongea nini, hawakuniambia, nami sikuuliza. Nilijua tu kwamba wameanza kupigiana kila Jumapili, kwa sababu siku hiyo kwangu ilikuwa kimya.

Mwisho wa mwaka bibi alinipigia akiwa na habari. Yule mnunuzi wa Ujerumani hakuwahi kuhamia. Aliweka madirisha mapya ya plastiki, akafunga mlango, akaondoka. Sasa baridi imekuja, bila mtu ndani maji yangeganda na mabomba kupasuka, akatafuta wa kuipasha nyumba joto. Jirani akamtajia bibi. Wamekubaliana akae humo, awe analipa kodi kidogo na kuangalia mabomba.

"Nimerudi kwangu!" akapiga kelele sikioni mwangu. "Chumba kile kile! Mazulia hayapo, lakini kuta ni zangu."

"Unalipa kodi kwenye fleti yako?"

"Kidogo tu."

"Fleti uliyopewa na kiwanda, ukainunua kwa jasho lako, ikauzwa bila wewe, sasa unaipanga? Na unamlindia mabomba?"

"Madirisha ni mazuri," akasema. "Baridi haiingii kabisa."

Jioni ile binti naye akapiga. Alikuwa ameshasikia. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwahi kuisikia hivyo. "Unaona?" akasema. "Mwishowe imekuwa sawa. Pesa ya fleti ninayo, nitamlipia hiyo kodi, na yeye yuko anakotaka. Hata ningepanga mwenyewe nisingepanga vizuri hivyo."

Nikamwambia vizuri. Nikamwambia nina shifti kesho. Nilipoweka simu chini, mume wangu, aliyekuwa akichambua mchele mezani, akaniuliza kuna nini, mbona nahema.

Nikamweleza yote. Akasikiliza bila utani, mara moja hiyo. "Sasa mama amefurahi, binti amefurahi, mwenye nyumba amefurahi," akasema. "Wewe ndiye wa nne. Umekasirikia nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitaka kusema kwamba hii ndiyo namna walivyotufanyia wote: wanakichukua kilicho chako, kisha wanakurudishia kipande chake kwa kodi, nawe unashukuru kwa sababu baridi haiingii. Lakini nilikuwa nimesimama wodini tangu asubuhi. Nikavuta kiti, nikavuta sinia upande wangu, tukachambua mchele.

Wiki iliyofuata bibi alinipigia tena, kuniuliza jinsi ya kutunza miche ya pilipili ndani ya nyumba wakati wa baridi, maana ameiweka kwenye kingo za hayo madirisha mapya. Nilimweleza. Aliniambia sauti yangu imechoka, nikale supu. Nikamwambia nitakula.